Siku ya kwanza ya mashindano ziwani kwa mcheza ubao wa tanga

Anayecheza ubao wa tanga kwa burudani huzoea mwendo mmoja: kutoka ufukweni, kwenda nje, kurudi, upepo ukimpiga ubavuni. Ndio mwendo wenye kasi na raha, na pale Diani unaweza kushinda nao kutwa bila kuhitaji mwingine. Mashindano hayaendi hivyo. Boya la kwanza huwekwa joshini kabisa, kule upepo unakotoka, na hulifikii ila kwa kupiga bisho, yaani kupanda kwa zigizagi dhidi ya upepo. Kwa hiyo kabla ya kulipa ada usijiulize una kasi kiasi gani. Jiulize kama, kwa upepo wa noti 8 hadi 10 (kilomita 15 hadi 19 kwa saa), unaweza kufika boya lililo mita 500 joshini na kurudi bila kuanguka kila unapogeuza. Ukiweza, jiandikishe, hata kama utakuwa wa mwisho. Kama bado, tafuta mashua iliyotia nanga karibu na unapochezea, uizunguke tena na tena mpaka bisho zisikutishe. Mazoezi hayo yatakufaa kuliko tanga jipya.

Hapa tunazungumzia zaidi Ziwa Victoria na Naivasha, ambako klabu za mashua za tanga zipo kwa miaka mingi, na msomaji tunayemfikiria ni yule aliyejifunzia pwani.

Ubao na tanga

Ubao mfupi wa lita 110 au 120 wenye pezi (lile bapa lililo chini ya mkia) la sentimita 36 unafaa upepo ukifika noti 15. Chini ya hapo hauinuki juu ya maji, na ubao usioinuka wenye pezi fupi haupandi joshi, unasogea kando tu. Utawaona wenzako wakipanda huku wewe ukirudi taratibu ulikotoka.

Ubao wa siku ya kwanza ni ule mrefu wa kizamani, wa mita 3.5 hadi 3.8, wenye dagaboda, yaani ubao wa katikati unaoshushwa na kupandishwa kwa mguu. Wengi wanaudharau kwa kuwa ni mzito na hauna sura ya kisasa. Waache. Siku ya noti 7 mwenye ubao huo huwapita wenye vifaa vipya wote ambao wamekwama wakisubiri upepo. Mtu mwepesi anaweza pia kutumia Techno 293, ule wa sentimita 293 na lita 205 wanaojifunzia vijana. Nao una dagaboda. Kama huna ila ubao mfupi, chukua ulio mpana kuliko yote na uufunge pezi kubwa: kwa tanga la mita 7.5 za mraba, pezi la sentimita 44 hadi 48.

Kuhusu ukubwa wa tanga, kuna jambo watu wa pwani hulisahau. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 11, kwa hiyo upepo uleule wa noti 12 unalisukuma tanga kwa nguvu iliyopungua kiasi hichohicho. Tanga lako la mita 6.5 litafanya kazi kama la 5.8. Naivasha, kwenye karibu mita 1,890, upungufu unakaribia asilimia 18. Basi panda saizi moja kwa Victoria, na Naivasha usione haya kuleta tanga kubwa kuliko yote uliyo nayo. Maji baridi nayo hubeba kidogo pungufu kuliko ya chumvi, lakini kwa ubao wa lita 130 tofauti ni kama kilo tatu tu, si ya kukuhangaisha.

Tanga lenyewe lifunge ukiwa na subira. Soma namba zilizoandikwa chini yake: kama urefu wa mbele ni 474 na mlingoti wako ni 460, kiongezeo cha chini kiwe 14. Vuta kamba ya chini mpaka ukingo wa nyuma, kati ya fito mbili za juu, ulegee na kupepea kidogo ukilishika tanga upepo ukiingia. Hapa ndipo wengi wanapokosea: kamba ya chini wanaivuta nusu kwa sababu ni ngumu, kisha wanafidia kwa kuikaza ya nyuma. Tanga linakuwa bapa chini na zito juu, upepo ukivuma kwa ghafla linakuvuta mikono badala ya kuusukuma ubao. Kamba ya chini ikishakaa sawa, ya nyuma ndiyo ya kuchezea. Upepo hafifu, ilegeze sentimita moja au mbili ili tanga liwe na tumbo. Upepo mkali, kaza mbili hadi nne. Bumu, ule mkono unaoushikilia, liwe usawa wa mabega au kidevu ukiwa umesimama juu ya ubao. Kamba za hanesi, mkanda wa mwilini unaokuunganisha na bumu, zenye urefu wa sentimita 71 hadi 76 zinatosha watu wengi.

Katika mfuko wa kiunoni weka kamba ya milimita nne yenye urefu wa mita tano au zaidi, filimbi, na bolti moja ya akiba ya pezi. Bolti hizo huanguka mchangani pale unapozihitaji, na usitegemee kupata duka la kuzinunua Kisumu wala Mwanza Jumapili asubuhi.

Upepo wa ziwa

Asubuhi Ziwa Victoria mara nyingi ni shwari, au kuna upepo mdogo wa nchi kavu unaokwenda majini. Jua likishaichoma ardhi, upepo hugeuka na kuvuma kutoka ziwani, ukakua mpaka alasiri. Kisumu upepo huo hufuata Ghuba ya Winam kutoka magharibi. Ndiyo maana mbio nyingi huanza baada ya chakula cha mchana. Ukifika saa nne asubuhi ukakuta maji kama kioo usiseme mashindano yamekufa, na wala usifunge tanga kwa kuangalia hali ya saa nne.

Tofauti kubwa na kusi la pwani ni kwamba upepo wa ziwa hautulii. Unakuja kwa vipande: hapa noti 12, mita hamsini mbele noti 5, na kila kipande kina mwelekeo wake kidogo. Pale maji yanapofanya weusi na kukunjamana ndipo penye upepo. Panapong'aa ni mtego. Kila sekunde chache inua macho uangalie joshini. Jihadhari pia na ukingo wenye miti au majengo upande upepo unakotoka: miti ya mita 15 huuvuruga upepo kwa mita 150 na zaidi, na ukiingia hapo utasimama huku tanga likikuangukia upande usioutegemea.

Mamlaka za hali ya hewa za Kenya, Tanzania na Uganda hutoa utabiri wa ziwa kwa ajili ya wavuvi. Usome usiku uliotangulia na asubuhi yenyewe. Dhoruba za ziwa hili zimeua watu wengi. Ukiona wingu jeusi linakujia na chini yake mstari mweupe wa maji yaliyochafuka, ondoka majini, mbio ziendelee zisiendelee. Mlingoti wa kaboni hupitisha umeme, na wewe umeushika.

Kikao cha asubuhi

Jiandikishe mapema, chukua maelekezo ya mashindano na uyasome yote. Kwenye kikao usione aibu kuuliza. La kwanza: je, mbao zinakwenda kwa Kiambatisho B cha kanuni za World Sailing (shirikisho la dunia la mchezo wa tanga), kile cha mbao za tanga, au mmewekwa kundi moja na mashua kama Laser kwa kanuni za kawaida? Jibu hubadilisha mengi. Chini ya Kiambatisho B unaruhusiwa kupampu tanga, yaani kulivuta na kulilegeza haraka kama unayepepea, kwa nguvu zako, kugusa boya si kosa ilimradi usilishike, na ukimkosea mwenzako unajisafisha kwa kuzunguka mara moja. Chini ya kanuni za kawaida kupampu kumezuiwa isipokuwa katika hali chache, ukigusa boya unazunguka mara moja, na ukimkosea mwenzako mara mbili.

Uliza pia maboya yanazungukwa upande gani (mara nyingi yanaachwa kushoto), mizunguko mingapi, mstari wa kumaliza uko wapi, mashua ya uokoaji ni ipi, na kama kuna daftari la kutia saini unapotoka na kurudi. Usipotia saini ya kurudi, watu watakutafuta majini wakati wewe unakula samaki.

Matokeo ni ya pointi chache: wa kwanza anapata 1, wa pili 2, na asiyemaliza anapata idadi ya walioandikishwa kujumlisha moja. Maana yake, kumaliza wa mwisho ni bora kuliko kuacha. Vifaa vikitofautiana sana, klabu nyingi hutumia hesabu ya kusawazisha muda, kwa hiyo usishangae aliyevuka nyuma yako akiwekwa mbele.

Mwanzo wa mbio

Mstari wa kuanzia ni wa kufikirika, kati ya mlingoti wa mashua ya waamuzi upande wa kulia na boya upande wa kushoto. Hesabu ya kawaida ni dakika tano. Dakika ya tano bendera ya kundi lako inapandishwa. Ya nne inapandishwa ya maandalizi, mara nyingi ile ya buluu yenye mraba mweupe katikati. Ikibaki moja, ya maandalizi inashushwa kwa mlio mrefu. Sifuri, ya kundi inashushwa na mbio zimeanza. Fuata bendera. Mlio huchelewa kufika, na usiposikika kabisa bado bendera ndiyo inayohesabiwa. Washa saa yako kwenye ile ya kwanza na uihakiki kwenye ya pili. Baadhi ya waandaaji hutumia dakika tatu, watasema kwenye kikao.

Bendera nyingine chache zikukae kichwani. Nyeupe yenye msalaba wa buluu: kuna aliyewahi kuvuka, ukihisi ni wewe, rudi chini ya mstari (upande upepo unakoelekea) uanze upya bila kumzuia mtu. Ya pembetatu, buluu yenye njano ndani: wote rudini. Yenye mistari ya wima nyekundu na nyeupe: mbio zimeahirishwa. Miraba ya buluu na nyeupe: zimefutwa. Nyeusi wakati wa maandalizi ndiyo kali kuliko zote: ukitambuliwa eneo la mbele ya mstari ndani ya dakika ya mwisho umeondolewa, hakuna kurudi.

Sasa haki ya njia. Ukiwa unakwenda huku mkono wa kulia uko mbele, karibu na mlingoti, unayo haki dhidi ya mwenye mkono wa kushoto mbele. Mkiwa upande mmoja wa upepo na mmekaribiana, aliye joshini humpisha aliye chini yake. Anayetoka nyuma humpisha wa mbele. Anayegeuza humpisha asiyegeuza. Ukizishika hizi nne na ukaongeza kwamba kwenye boya aliye ndani apewe nafasi ya kuzunguka, siku ya kwanza utaimaliza bila kesi.

Nenda kwenye mstari dakika kumi kabla. Simama katikati yake, elekeza omo, yaani ncha ya mbele ya ubao, moja kwa moja upepo unakotoka huku tanga likipepea, kisha angalia ncha ya ubao imeegemea upande gani. Upande huo uko joshini zaidi, na wengi watausongamania. Wewe usiende. Hasa usijaribu kujipenyeza kati ya mashua ya waamuzi na mtu aliye chini yako: wakati wa kuanza hana wajibu wa kukupa nafasi pale, na utakwama na nanga au kuharibu mlingoti wa mtu.

Mpango wa mgeni ni huu. Zikibaki sekunde 60 uwe chini ya mstari kwa mita 30 hadi 40, theluthi moja kutoka kwenye mashua ya waamuzi, mkono wa kulia mbele, ukienda polepole na tanga limelegezwa nusu. Acha mita tano au sita za maji matupu chini yako, upande wa demani. Ndiyo nafasi utakayoitumia kuongeza kasi. Sekunde 10 za mwisho vuta tanga, pampu mara mbili tatu kama inaruhusiwa, uvuke mstari sekunde chache baada ya bendera ukiwa tayari una mwendo. Anayevuka akiwa wa kwanza lakini amesimama hupitwa na aliyechelewa sekunde tano akiwa na kasi. Tatizo la ubao ni kwamba hauwezi kusimama mahali pamoja kama mashua: ukililegeza tanga kabisa, upepo unakusukuma chini na nyuma. Jipime kabla. Jaribu mara tatu kutoka alama moja hadi mstarini ujue unatumia sekunde ngapi.

Kupanda joshi

Ukishavuka, dagaboda chini yote, kiungo cha mlingoti mbele kabisa ya reli yake, na simama karibu na ukingo wa joshini. Ubao mrefu unapenda kulalia upande kidogo, ukingo wa demani ukikata maji. Usiulazimishe kuelekea upepo kupita kiasi. Kosa la kila mgeni ni kuminya: anatazama boya, anataka kulielekea, ubao unapoteza mwendo na kuanza kuserereka kando. Legeza omo digrii tano, upate kasi, ndipo upande.

Chagua alama ya mbali iliyo mbele ya omo: mnara wa simu, mwamba, paa. Upepo ukikunyima, yaani ukigeukia upande wa omo, omo italazimika kushuka chini ya alama hiyo. Ikishuka kiasi cha kuonekana wazi na kubaki hivyo kwa sekunde tano au sita, geuza, kwa sababu bisho ya pili sasa ndiyo inayokupeleka karibu na boya. Upepo ukikupa, omo ikapanda juu ya alama, usiguse kitu, endelea. Ubao mrefu hugeuza kwa kona ya karibu digrii 90, hivyo boya likifika usawa wa bega lako uko kwenye mstari wake. Ongeza mita kumi za tahadhari kisha geuza. Mwenye ubao mfupi anahitaji kona pana zaidi, na asipoikadiria atalazimika kupiga bisho mbili za ziada pale penye msongamano.

Fika boya la joshini ukiwa na mkono wa kulia mbele. Anayelifikia kwa mkono wa kushoto hukutana na foleni nzima ya wenye haki, na hapo ndipo milingoti huvunjika.

Kushuka

Kabla hujaelekeza omo chini, piga dagaboda kwa kisigino ipande. Ukiisahau ikiwa chini na ubao ukashika kasi, maji huisukuma, ukingo wa joshini unainuka na ubao unakupindua bila onyo. Ni kosa linalowaangusha hata wazoefu. Rudisha pia kiungo cha mlingoti nyuma. Kwenye upepo hafifu ubao mrefu unashuka moja kwa moja: miguu huku na huku ya mstari wa kati, magoti yamekunjwa, tanga mbele yako. Upepo ukipita noti 15, au ukiwa na ubao mfupi, usishuke wima. Nenda kwa pembe, ukigeuka kwa tezi (mkia wa ubao ukipita upepo unakotoka) mara moja au mbili. Mita kumi kabla ya boya la chini shusha tena dagaboda, kwani baada ya kuzunguka unaanza bisho papo hapo.

Gugumaji, viboko na kichocho

Visiwa vya gugumaji husukumwa na upepo. Kisumu, upepo wa alasiri wa magharibi unaweza kuvileta kwenye ghuba uliyotokea asubuhi ikiwa wazi, kwa hiyo ulizia mahali pa pili pa kurudia. Nyuzi moja moja hunasa kwenye pezi lililonyooka. Utahisi ubao umekuwa mzito na omo inayumba. Simamisha, rudisha ubao nyuma kidogo kwa kulisukuma tanga kinyume, au piga pezi kwa mguu. Pezi lililolala nyuma kwa pembe ya digrii 45 hujisafisha lenyewe, ila hupandisha joshi vibaya kidogo.

Viboko hukaa karibu na matete, na asubuhi na jioni hutembea. Naivasha wako wengi. Usikate njia kupitia mateteni, na wenyeji wakikwambia kona fulani usiende, usiende.

Kichocho huingia kwenye ngozi hasa kwenye maji tulivu ya ukingoni yenye majani na konokono. Ingilia kwenye gati au maji yanayosukasuka, usisimame mateteni ukifunga tanga, na ukitoka jikaushe mara moja kwa kujisugua taulo. Hilo hupunguza hatari, haliiondoi. Pima wiki sita hadi nane baada ya siku hiyo. Ukikutwa nacho, dawa yake, praziquantel, inapatikana na ni nafuu.

Koti la kuokolea livaliwe hata kama bendera ya kulilazimisha haijapandishwa. Upepo ukifa au kitu kikivunjika, kaa juu ya ubao, usiuache kamwe kwa kuogelea. Inua mikono yote miwili pembeni na kuishusha taratibu, mara nyingi, mpaka mashua ya uokoaji ikujibu. Ukiamua kuacha mbio, pita karibu na mashua ya waamuzi uwaambie kwa sauti namba yako ya tanga. Ukimaliza, toka kwenye mstari upande wa demani ili usiwazuie wanaoingia, kunywa maji, kaza kamba zilizolegea, na urudi chini ya mstari: siku ya klabu kwa kawaida ina mbio mbili au tatu, na ya pili huanza mara tu wa mwisho anapovuka.